Gari Limeshauzwa, Programu Bado

Ndani ya gari langu, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, kuna kamera iliyoshikizwa kwenye kioo cha mbele. Ilipotoka kiwandani Japan, kazi yake ilikuwa kusoma mistari ya barabara na kuliona gari la mbele, ili dereva akizubaa breki zishike zenyewe. Nililinunua gari hilo likiwa limetumika, na kwa miezi kadhaa kamera ilifanya kazi yake. Kisha lori likanirushia kokoto njia ya Morogoro, kioo kikapasuka, nikaweka kingine. Tangu siku hiyo taa ya rangi ya machungwa inawaka kwenye dashibodi. Fundi alinieleza kwa utaratibu: "Bosi, kioo kimekaa sawa, lakini ile kamera inatakiwa ipangwe upya. Inataka lile bao lenye alama, na mashine ya kuielekeza. Sisi hapa hatuna." Akaongeza kwamba gari linatembea vizuri, na kweli linatembea.

Naanza na taa hiyo kwa sababu inatokana na biashara kubwa kuliko gereji yetu. Watengenezaji wa chipu, waliozoea kuuza vipande vya silikoni kwa idadi, sasa wanataka kuuza pia programu ya kumsaidia dereva: inayoshika breki, inayolibakiza gari katika njia yake, inayolifuata gari la mbele kwa umbali uliopangwa, na kwa wale wenye matarajio makubwa zaidi, inayoendesha huku dereva ameachia usukani. Kila mmoja ana mpango, ana ratiba, ana wateja waliotia saini. Nimekuwa nikiisoma mipango ya namna hii kwa miaka, kama mwingine anavyofuatilia habari za ujenzi wa barabara, na nimeona vitu hivi viwili ni ndugu. Kuna upembuzi, kuna zabuni, kuna mkandarasi na wakandarasi wadogo, kuna siku ya makabidhiano, na kuna kipande cha mwisho ambacho hubaki vumbi.

Hesabu inayowavuta inaeleweka. Kubuni chipu ya kisasa ya gari, ya nanomita 5 kwa mfano, hula mamia ya mamilioni ya dola kabla kipande cha kwanza hakijauzwa. Gharama hiyo ingebebeka kirahisi katika soko la simu, ambako zaidi ya bilioni moja huuzwa kila mwaka. Magari mapya ya mwaka mmoja duniani kote hayafiki milioni 100, nayo yamegawanywa kati ya kampuni nyingi zenye matakwa tofauti. Anayeuza chipu peke yake analazimika kupata fedha nyingi kwa kila gari, na mwenye kiwanda cha magari ni mnunuzi anayebishania hata senti. Programu inafungua mlango mwingine. Chipu inalipiwa siku moja, lakini programu inaweza kulipiwa kila mwezi kwa muda wote ambao gari liko barabarani, na mtengenezaji wa chipu akapata fungu lake kila mara. Kwenye karatasi, huo ni mto usiokauka.

Katika hatua ya mipango, neno linalotajwa zaidi ni oda. Mwenye kiwanda cha magari huchagua msambazaji wake miaka miwili, mitatu, pengine minne kabla ya gari la kwanza kutoka. Akishachagua, mtengenezaji wa chipu hupiga hesabu: bei anayotarajia kwa kila gari, mara idadi ya magari yanayotarajiwa kuuzwa, mara miaka yote ambayo toleo hilo litakuwa sokoni, yaani sita au saba. Jumla inayopatikana hutangazwa kwa mabilioni. Msomaji asiyezoea huichukua kama fedha iliyoko njiani. Haina uongo ndani yake, ila ni makadirio yaliyopangwa juu ya makadirio mengine. Kwa kawaida mnunuzi hajafungwa kuchukua idadi ile. Atachukua kadiri atakavyouza magari, na gari lisipopendwa, oda hupungua bila mtu yeyote kuvunja mkataba.

Mpango pia huwa na mchoro wa ngazi. Mwaka 2014 wahandisi wa magari wa Marekani walitoa mgawanyo wa ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, na tangu hapo karibu kila mpango umechorwa kwa lugha hiyo. Ngazi ya 2 maana yake gari linashika usukani na mwendo kwa pamoja, lakini macho ni ya dereva na dhamana ni ya dereva. Ngazi ya 3, gari ndilo linalotazama, na dereva anaruhusiwa kutoa macho barabarani mpaka aitwe. Kwenye mchoro hiyo ni hatua moja ya kupanda. Kwa mhandisi na kwa mwanasheria ni mto wa kuvuka, maana ngazi ya 2 ikikosea, dereva alitakiwa kuwa macho. Ngazi ya 3 ikikosea, wa kwanza kuulizwa ni aliyeitengeneza. Nimeona michoro mingi inayoweka mwaka mmoja au miwili kati ya hatua hizo. Sijaona uliotimia hivyo.

Ujenzi ukianza, sehemu inayokwenda vizuri ni ile ambayo mtu wa kawaida angeidhania kuwa ngumu kuliko zote. Chipu hujengwa kwa hatua zinazojulikana. Michoro ikikamilika hupelekwa kwenye viwanda vichache vyenye uwezo huo, vingi vyao Taiwan, na sahani za silikoni hupitishwa katika mamia ya hatua kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Vipande vya kwanza vikirudi vina kasoro, mchoro husahihishwa na safari huanza tena. Hapo miezi kadhaa imekwenda. Halafu kuna majaribio ya uvumilivu, kwa sababu chipu ya gari haitendewi kama ya simu: inatakiwa ifanye kazi kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na kwenye joto la nyuzi 105 au hata 125, ikitikiswa kila siku kwa miaka 15. Kazi hiyo ni ya gharama na ina mitego, lakini ikichelewa, wanaohusika wanajua imechelewa kwa kiasi gani. Mwisho wa kazi unaonekana kwa macho, na chipu ikishafaulu majaribio imefaulu.

Uwezo wake nao umekua kwelikweli. Mwaka 2018 chipu iliyokuwa nyuma ya kioo cha magari mengi ilifanya hesabu trilioni chache kwa sekunde. Kufikia 2022 zilikuwepo zinazopita trilioni 250. Ahadi ya silikoni, kwa sehemu kubwa, imetimizwa, na wanaoidai sekta hii wangepaswa kulitaja hilo kwanza.

Programu ndiyo yenye hadithi nyingine, na ndiyo iliyobeba matumaini ya faida.

Saa mbili hutembea kwa wakati mmoja katika mradi wa namna hii. Ya kwanza ni ya kiwanda cha magari. Siku ya kuanza kuzalisha hupangwa mapema na haisogei kirahisi: mashine za kukunja mabati zimeshaagizwa, wafanyakazi wamepangwa zamu, wauzaji wameahidiwa magari, matangazo yamelipiwa. Saa ya pili ni ya wanaoandika programu, na hiyo inatembea kwa kugundua. Gari la majaribio linatoka asubuhi, linarudi jioni na terabaiti za picha na vipimo, na ndani yake kuna jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kivuli cha daraja kilichosomwa kama kizuizi, kibao cha kasi cha barabara ya pembeni kilichochukuliwa kuwa cha barabara kuu, lori lililobeba lori lingine. Kila jambo likirekebishwa, lazima kuhakikisha marekebisho hayajaharibu yale yaliyokuwa sawa. Kazi ya mwezi wa kumi huweza kurudisha kazi ya mwezi wa tatu mezani.

Saa hizi mbili zikikaribiana, saa ya kiwanda ndiyo inayoshinda. Hapo huanza kikao ambacho kila aliyewahi kusimamia mradi anakijua, hata kama mradi wake ulikuwa wa zahanati au wa bomba la maji. Orodha ya vipengele huwekwa mezani na kugawanywa. Vya lazima vinabaki. Vinavyofanya kazi vizuri mchana na kwenye barabara kuu vinabaki kwa masharti. Vilivyosalia huhamishwa kwenye safu yenye maneno mazuri: vitaongezwa kwa sasisho. Gari linatoka na kamera zake, rada zake na chipu yake yenye nguvu, mnunuzi ameshavilipia vyote, na sehemu ya vifaa hivyo imelala ikisubiri programu.

Utaratibu huu haukosi maana, na singependa kuuhukumu kirahisi. Kuweka vifaa mapema ni rahisi kuliko kurudi kulifungua gari lililokwisha kuuzwa. Masasisho ya kupitia mtandao yamerekebisha kasoro ambazo zamani zingehitaji kila mwenye gari arudi kwa muuzaji. Ila utaratibu huo umeondoa kitu kimoja kilichokuwa na faida kwa mtumiaji, nacho ni siku ya makabidhiano. Katika ujenzi wa barabara kuna siku ambayo mkandarasi anakabidhi, mhandisi anakagua, na kipindi cha uangalizi kinaanza kuhesabiwa. Programu inayokuja vipande vipande haina siku hiyo. Mradi huwa umefikia asilimia 90 kwa miaka, na anayelipa hana mahali pa kusimama na kusema: hapa ndipo mlipotakiwa kufika.

Yanayobaki bila kukamilika hujirudia kutoka mradi mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba mtu angeweza kuyaandika kabla mradi haujaanza. Mvua kubwa na jua la machweo linalopiga kamera usoni. Barabara zinazotengenezwa, ambako mistari ya zamani na ya muda inapishana. Barabara za mashambani, kwa sababu magari ya majaribio hushinda zaidi kwenye barabara kuu. Nchi ndogo, kwa sababu kila nchi ina vibao vyake na taratibu zake za kupishana, na kuzijaribu zote kunagharimu sawa na kujaribu soko kubwa huku mapato yake ni kidogo. Dereva wa Ureno au wa Finland anaweza kununua gari lile lile kwa bei ile ile na kusubiri kipengele ambacho mwenzake wa Ujerumani anakitumia tayari.

Ngazi ya 3 ndiyo inayoonyesha pengo hili waziwazi. Kanuni ya kimataifa ya kuiruhusu kwenye barabara kuu ilikubaliwa mwaka 2020, na ilianza na kikomo cha kilomita 60 kwa saa, yaani mwendo wa foleni. Japan, mwezi Machi 2021, gari la kwanza la ngazi hiyo lilitolewa kwa idadi ya magari 100 tu, na kwa kukodisha, si kwa kuuza. Baadaye kanuni ilipandishwa hadi kilomita 130 kwa saa, kuanzia 2023, lakini ruhusa ya sheria na uwezo wa gari ni vitu viwili. Magari yaliyofuata yaliendelea kutumia sehemu ndogo ya nafasi yaliyopewa. Anayesoma tangazo anaona neno moja, ngazi ya 3. Anayekaa kwenye kiti anakuta masharti: barabara kuu zilizopimwa, hali ya hewa nzuri, mwendo mdogo, gari la mbele la kufuata. Masharti hayo yana sababu nzuri za usalama. Yangestahili kuandikwa kwa herufi za ukubwa ule ule wa ahadi.

Gharama kwa nini hukua? Jibu la kawaida ni kwamba mishahara ya wahandisi imepanda, na ni kweli imepanda, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kazi ya mwisho ni ghali kuliko ya mwanzo. Kulifundisha gari kubaki katika njia yake siku ya kawaida huchukua muda mfupi na matokeo yake hupendeza machoni pa wageni. Kuthibitisha kwamba halitakosea katika jambo linalotokea mara moja kwa mamilioni ya kilomita ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba, ili kuonyesha kwa takwimu kuwa magari yanayojiendesha hayaui zaidi ya madereva wa nchi hiyo, yangehitajika kutembea maili milioni 275, yaani kama kilomita milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakitembea usiku na mchana, kila siku ya mwaka, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, yangemaliza safari hiyo kwa miaka 12 na nusu. Na programu ikibadilishwa katikati, ushahidi uliokusanywa hupungua uzito. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majaribio imehamishiwa kwenye kompyuta, ambako barabara huigizwa, na huko nako kunahitaji kompyuta, umeme na watu.

Sababu ya pili ni kwamba mteja hubadilika njiani. Mwenye kiwanda cha magari aliyechagua kamera fulani hupata nyingine ya bei nafuu, na programu iliyozoea jicho la kwanza hulazimika kufundishwa kuona kwa jicho la pili. Mtengenezaji wa chipu alipanga kuandika programu moja na kuiuza kwa wateja kumi; anajikuta na matoleo kumi, kila moja na timu yake, majaribio yake na cheti chake. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme katika magari, kilichotoka 2011 na kurekebishwa 2018, kinadai kila uamuzi uandikwe na kila sehemu ipangwe katika daraja, A hadi D, kulingana na madhara ikikosea. Utaratibu huo umeokoa maisha ya watu na singetaka upunguzwe. Lakini mipango mingi huuhesabu kama kazi ya kufungia mradi, na kumbe ni kazi ya kila siku ya mradi.

Kisha kuna mzigo ambao hauonekani mwanzoni, wa kuwatunza waliokwisha nunua. Chipu mpya hutoka kila baada ya miaka miwili au mitatu, gari hukaa barabarani 15. Kila chipu mpya ikitoka, wahandisi wazuri wanatakiwa huko, na ile ya zamani, iliyomo katika magari ya watu, inabaki na timu inayopungua. Sijui njia rahisi ya kulimaliza hilo. Najua tu kwamba katika mahesabu mengi niliyoyaona, mapato ya mwaka wa nane yameandikwa na gharama za mwaka wa nane hazimo.

Uhaba wa chipu wa 2020 hadi 2022 uliongeza jambo ambalo mipango haikulifikiria. Baadhi ya magari yalitolewa yakiwa yamepungukiwa vipengele, mengine kwa ahadi kwamba kifaa kitafungwa kikipatikana. Tangu hapo wenye viwanda vya magari wamekuwa waangalifu: wanataka kumjua anayetengeneza chipu moja kwa moja, wanaweka akiba, wengine wameanza kubuni chipu zao wenyewe na kuajiri waandishi wao wa programu. Kwa mtengenezaji wa chipu hiyo ni baraka yenye sharti. Amepata kiti mezani ambacho zamani kilikuwa cha msambazaji mkubwa aliyekuwa katikati, lakini anayeketi mbele yake ni mteja ambaye kesho anaweza kuwa mshindani.

Basi mtu akiniuliza soko hili lina matarajio gani kwa mwenye chipu, ningeligawa sehemu tatu zisizolingana. Ya chini ni imara. Ulaya, tangu Julai 2022 kwa matoleo mapya na tangu Julai 2024 kwa kila gari jipya linalouzwa, sheria inataka breki za dharura zinazojishika zenyewe, msaada wa kubaki kwenye njia, na mfumo unaomkumbusha dereva kikomo cha mwendo. Kinachotakiwa na sheria kina idadi na kina tarehe. Chipu ndogo yenye kamera moja, inayotumia wati chache za umeme, inatosha, na mwenye bidhaa iliyothibitishwa atauza kwa mamilioni. Faida kwa kila kipande si kubwa, lakini inakuja. Watumiaji nao wanafaidika bila kujiandikisha popote, na kwa maoni yangu hapo ndipo sekta hii imetimiza ahadi kwa watu wengi zaidi, ingawa ni nadra kusikia ikijivunia sehemu hiyo.

Ya kati ndiyo yenye mashaka. Huu ni msaada wa barabara kuu, kuachia usukani huku ukitazama, kubadili njia kwa kuamuru, na huuzwa kwa ada ya mwezi au ya mwaka. Mipango huchukulia kwamba wanunuzi wengi watalipa na wataendelea kulipa. Mwenye gari huanza na miezi ya bure, hufurahi, kisha huangalia ni mara ngapi anasafiri safari ndefu kwa mwezi. Wakati huohuo ushindani unashusha bei. China, vipengele vya aina hii vimewekwa hata katika magari ya bei ya chini bila malipo ya ziada. Ule mto usiokauka unaweza kuwa kijito. Sehemu ya juu, ya gari linalojiendesha lenyewe kila mahali, ningeiondoa kabisa katika hesabu ya miaka kumi ya mtengenezaji wa chipu, na nikiikuta ndani ningeuliza nani ameiweka.

Kuna kipimo kingine ambacho ripoti za mapato hazikibebi: nani hasa anafikiwa na kilichojengwa. Gari lina mwenye wa kwanza, wa pili, mara nyingi wa tatu. Programu huandikwa kwa ajili ya wa kwanza. Akaunti ni yake, usajili ni wake, na huduma zilizotegemea mtandao wa simu wa nchi ile hukatika gari likipandishwa melini. Sisi wa pwani hii tumelijua jambo hili kabla ya chipu kubwa kuja. Redio za magari kutoka Japan zilisikia masafa ya 76 hadi 90 pekee, mpaka fundi afunge kifaa cha kuziongezea. Ukiwasha gari, sauti ya kike husema kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, na dereva wa Kinondoni ameisikia kila asubuhi kwa miaka bila kujua inamwambia nini. Hivyo vilikuwa vitu vidogo. Breki ya dharura si kitu kidogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, maana yake magari ya kwanza yaliyouzwa Japan na Uingereza na mifumo hii yameshapita bandari ya Mombasa, na yenye mifumo mikubwa zaidi yanafuata nyuma yao.

Yatakutana na barabara ambazo hayakufundishwa: mistari iliyofutika, tuta lisilo na kibao, bodaboda iliyobeba godoro kwa upana, ng'ombe wa jioni pale Chalinze. Mengine mfumo utayamudu, maana kilicho mbele ni kilicho mbele. Mengine utazima wenyewe na kuwasha taa, na huo ni uungwana wa mashine inayojua mpaka wake. Linaloumiza ni lile linalotengenezeka ila halina njia ya kutengenezwa: kitabu cha maelekezo cha Kijapani, mashine ya kupangia kamera inayouzwa kwa mawakala pekee, programu yake inayodai leseni ya mwaka. Katika mpango wa awali hakuna aliyekusudia kumfungia nje fundi wa Ilala. Hakuwa kwenye orodha tu. Kumweka kungegharimu kiasi kidogo mno ukilinganisha na bei ya kubuni chipu, na kungeongeza miaka saba au minane ya maisha kwenye kazi ambayo wahandisi waliifanya kwa uangalifu mkubwa.

Juzi fundi wangu alinipigia. Ameungana na wenzake wawili wakaagiza bao la alama na mashine iliyotumika, na mzigo umefika. Nilikwenda tukapima uwanja wake kwa utepe. Kazi ile inataka sakafu tambarare, mita kadhaa za nafasi tupu mbele ya gari, na mwanga usiobadilikabadilika. Nafasi ipo. Sakafu inainama kuelekea mfereji, na mchana jua linaingia upande wa barabara. Anataka kumwaga zege na kuinua turubai upande huo. Nilimuuliza lini. "Nipe mwezi mmoja, bosi," akasema, akaandika tarehe kwa chaki ukutani, juu ya namba ya gari langu.